Kaburi la Rubani: Vijana Watatu wa Tarehe 11 Mei 1945

Katika makaburi ya vijiji vingi vya Japani, mawe mengi hayana jina la mtu. Yamechongwa jina la ukoo tu, pamoja na maneno ya kueleza kwamba hili ni kaburi la nyumba ya fulani. Chini ya jiwe kuna chumba kidogo, na humo vimepangwa vyungu vya majivu ya babu, bibi, baba na mama, kwa kuwa Wajapani wengi huchoma maiti zao. Lakini kando ya mawe hayo mara nyingi husimama jiwe moja refu kuliko wenzake, lenye pande nne na ncha iliyochongoka. Hilo lina jina la mtu mmoja. Ubavuni limeandikwa cheo chake cha jeshi, tarehe aliyokufa, mahali alipofia na umri wake. Ni jiwe la kijana aliyekufa vitani, na mara nyingi sana chini yake hamna maiti wala majivu.

Tumeamua kuandika juu ya jiwe la namna hiyo, na hasa juu ya marubani wa mashambulizi ya kujiua ambao ulimwengu unawaita kamikaze. Wajapani wenyewe katika vita ile walitumia zaidi neno lenye maana ya "shambulio maalumu". Si wote katika chama chetu waliopenda wazo hili. Mwenzetu mmoja aliuliza kwa nini tuwalilie askari wa dola iliyovamia China, iliyoitawala Korea kwa mabavu tangu 1910 na iliyowaua mababu zetu Burma. Swali lake ni la haki na hatutalikimbia. Hata hivyo tuliona kwamba kuuliza mtu alizikwaje si sawa na kumsifu. Kaburi ni hati ya historia kama barua au daftari la kodi: linaonyesha serikali ilitaka kusema nini, familia ilitaka kusema nini, na ni nani aliyeshinda.

Tuanze na siku moja, tarehe 11 Mei 1945. Vita vya Okinawa vilikuwa katika mwezi wake wa pili, na Japani ilikuwa ikirusha ndege zenye mabomu moja kwa moja kwenye meli za Wamarekani. Asubuhi hiyo, kutoka viwanja vya Kyushu ya kusini, waliondoka miongoni mwa wengine vijana watatu ambao majina yao leo yanajulikana: Uehara Ryoji, Ogawa Kiyoshi na Tak Kyung-hyun. (Tunaanza na jina la ukoo, kama wanavyofanya kwao.) Wawili walikuwa na miaka 22, wa tatu 24. Wote watatu walikuwa wamesoma vyuoni. Ni hirimu zetu kabisa.

Ilikuwaje wanafunzi wakawa marubani? Kwa muda mrefu mwanafunzi wa chuo Japani aliahirishiwa kuitwa jeshini mpaka amalize masomo. Mwaka 1943, maofisa vijana walipokuwa wanakwisha, serikali iliondoa ahueni hiyo kwa wanafunzi wa sheria, uchumi, fasihi na masomo ya namna hiyo. Wa sayansi na udaktari waliachwa, kwa sababu walihesabiwa kuwa na faida zaidi wakiwa hai. Tarehe 21 Oktoba 1943 maelfu ya wanafunzi walipigishwa gwaride mjini Tokyo, mvua ikinyesha, bunduki mabegani na sare za chuo mwilini, mbele ya Waziri Mkuu Tojo. Wasomaji wanaosomea lugha na historia kama sisi watajua mara moja wangekuwa katika kundi lipi.

Uehara Ryoji alikuwa mwanafunzi wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Keio. Alizaliwa 1922 Ikeda, mkoa wa Nagano, chini ya milima mirefu inayoitwa Alpu za Japani, na akakulia kijiji cha jirani ambako baba yake alikuwa daktari. Aliingia jeshini Desemba 1943. Usiku wa kabla ya safari yake ya mwisho, katika uwanja wa Chiran, mwandishi wa habari wa jeshi aitwaye Takagi Toshiro alimwomba aandike mawazo yake. Aliyoyaandika si maneno ambayo jeshi lingependa kuyasoma. Alisema kwamba uhuru hatimaye hushinda, na kwamba dola zinazoubana zitaanguka hata zikionekana na nguvu kwa kitambo, kama ilivyokuwa imeshatokea Italia na Ujerumani. Rubani wa shambulio maalumu alimwona kama mashine, kitu kisicho na utashi kinachovutwa kwenye meli kama chuma kwenye sumaku. Alijua kwamba nchi yake inashindwa. Kesho yake akapanda ndege ya kiti kimoja na kwenda.

Kwa nini alikwenda? Hapa tulibishana sana, na wengine wetu bado hawajaridhika. Kukataa kulimaanisha aibu kwa familia nzima katika kijiji ambacho kila mtu anamjua kila mtu. Lakini kuna jambo jingine ambalo tunaona lina uzito: katika jeshi lile kifo kilikuwa kimeshakuwa kitu cha kupangiwa zamu. Ukijitoa, zamu yako anachukua mwenzako wa kitanda cha pili.

Alipopata likizo ya mwisho kwenda kuwaaga wazazi, aliwaambia dada zake kwamba asitafutwe Yasukuni, maana yeye anakwenda mbinguni. Yasukuni ni hekalu la Shinto mjini Tokyo ambako serikali iliwaenzi waliokufa vitani kama miungu. Kijana yeyote aliyekufa kwa ajili ya Mfalme aliingizwa humo kwa jina, atake asitake, familia itake isitake. Kwa hiyo maneno ya Uehara yalikuwa wosia wa mahali pa kuzikwa. Alikuwa anachagua kaburi lake kwa njia pekee iliyobaki.

Nyumba ya akina Uehara ilikuwa na wana watatu. Wa kwanza alikuwa daktari wa jeshi la nchi kavu, akafia Burma. Wa pili alikuwa daktari wa jeshi la majini, akazama na nyambizi katika Pasifiki mwaka 1943. Wa tatu ni Ryoji. Vita vilipokwisha, wazazi walibaki na mabinti na kaburi la ukoo.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo lazima tuseme kidogo kuhusu sheria. Kanuni ya Madai ya Japani ya mwaka 1898 ililiweka kaburi pamoja na vyombo vya ibada na kitabu cha nasaba kuwa haki ya mrithi wa nyumba, kwa kawaida mwana wa kwanza. Kaburi halikuwa mali ya kugawana. Lilikuwa kazi: kulisafisha, kulimwagia maji, kuleta maua, kumwita kasisi wa Kibuddha siku za kumbukumbu, na kuwapokea wafu wanaporudi nyumbani wakati wa sikukuu ya Obon. Mwaka 1947 sheria ilibadilishwa na nyumba ya kale ikafutwa kisheria, ila kaburi bado likabaki na kifungu chake peke yake, likienda kwa yule ambaye desturi inamtaka aongoze ibada. Sasa fikiria nyumba ambayo wana wote wamekufa. Tena fikiria kijana wa miaka 22 asiye na mke wala mtoto. Nani atamwagia jiwe lake maji?

Swali hilo lilimsumbua pia mtaalamu mkubwa wa mila za Japani, Yanagita Kunio. Masika ya 1945, mabomu yakiiangukia Tokyo, mzee huyu wa miaka 69 alikaa akaandika kitabu juu ya mababu, kilichotoka 1946. Ni majira yale yale marubani wetu watatu walipokufa. Hofu yake ilikuwa kwamba vijana waliokufa bila watoto wangegeuka wafu wasio na wenyewe, wanaotangatanga. Akashauri kwamba jamaa wawafanye vijana hao kuwa mababu waanzilishi wa nyumba mpya, kwa kuwatafutia warithi wa kupanga hata baada ya kufa. Tunakiri kwamba mara ya kwanza pendekezo hili lilitufanya tucheke kidogo. Babu wa miaka 22! Kisha mmoja wetu akakumbusha kwamba Profesa John Mbiti wa Kenya, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza jambo linalofanana sana. Kwa Mbiti, mfu hubaki katika Sasa maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina, na asiyeacha kizazi hukosa wa kumkumbuka. Wajapani nao wana hesabu yao. Familia hufanya kumbukumbu siku ya 49, kisha mwaka wa kwanza, wa tatu, wa saba na kuendelea, na kwa desturi ya sehemu nyingi mwaka wa 33 mfu huacha kuwa fulani na kuingia katika kundi la mababu wasio na jina. Kwa waliokufa 1945, kwa jinsi wanavyohesabu, mwaka huo ulikuwa 1977.

Jiwe refu lenye ncha linasimama kinyume kabisa na desturi hiyo. Linakataza jina lisipotee, na ndiyo maana linavutia.

Hebu tulisome jiwe kama hilo upande kwa upande. Mbele mara nyingi pana cheo na jina. Cheo si kile alichokuwa nacho akipanda ndege. Marubani wa mashambulizi maalumu walipandishwa vyeo viwili wakishakufa, kwa hiyo Uehara aliyeondoka akiwa luteni usu alihesabiwa kapteni. Au mbele pana jina la Kibuddha ambalo kasisi humpa mfu. Katika vita, majina ya askari yalijaa maandishi ya uaminifu, haki na ushujaa, na kasisi mwangalifu aliweza pia kuingiza humo herufi ya jina la utotoni ili mama alitambue. Ubavuni pana mahali pa kifo, kwa kawaida maneno yasiyosaidia: bahari ya Okinawa, anga ya kusini. Halafu umri. Hapa msomaji wa kigeni huchanganyikiwa, kwa sababu mawe mengi hutumia hesabu ya zamani ambayo mtoto huzaliwa na mwaka mmoja na huongeza mwingine kila Mwaka Mpya. Kwa hesabu hiyo Uehara alikuwa na miaka 24. Nyuma ya jiwe pana jina la baba aliyelisimamisha. Tunaona hapa ndipo moyo wa jiwe ulipo, upande usioonekana na mpita njia. Kwa kawaida mwana ndiye humwekea baba jiwe.

Na chini? Marubani walikata nywele na kucha kabla ya kuondoka, zikatumwa nyumbani katika bahasha. Familia za askari wengine zilipokea sanduku la mbao nyeupe lililofungwa kitambaa cheupe, na wengi walipolifungua walikuta kipande cha jiwe, mchanga, au karatasi yenye jina tu. Walizika hicho hicho.

Ogawa Kiyoshi ni kisa cha namna nyingine. Alitoka mkoa wa Gunma, akasoma Waseda, akachukuliwa na jeshi la majini, na akaruka kutoka Kanoya. Ndege yake ilikuwa moja kati ya mbili zilizoipiga manowari ya kubeba ndege Bunker Hill. Karibu Wamarekani 400 walikufa, wengi wao vijana wa umri huo huo, na walizikwa baharini. Mama zao huko Marekani nao hawakupata maiti. Tunalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu hadithi nyingi za marubani hukatika pale ndege inapotoweka mawinguni, kana kwamba upande wa pili wa safari hapakuwa na watu. Maiti ya rubani ilikutwa melini. Baharia mmoja alichukua kibandiko cha jina, saa, barua na picha, akavihifadhi nyumbani maisha yake yote. Baada ya kifo chake mjukuu wake alivikuta, akatafuta wenyewe, na mwaka 2001 jamaa za Ogawa walivipokea San Francisco. Zilikuwa zimepita miaka 56.

Wa tatu ndiye aliyetukaa moyoni zaidi. Katika orodha za jeshi anaitwa Mitsuyama Fumihiro. Jina alilozaliwa nalo ni Tak Kyung-hyun, wa Sacheon, kusini mwa Korea. Familia yake ilihamia Kyoto alipokuwa mdogo, akasoma huko mpaka chuo cha ufamasia. Tangu 1940 Wakorea walisukumwa kuchukua majina ya Kijapani. Karibu na uwanja wa Chiran palikuwa na mgahawa wa Torihama Tome, mama aliyewapikia marubani na kuwatumia wazazi barua zao kwa siri ili wakaguzi wa jeshi wasizione. Kwa simulizi ya familia ya Tome, usiku wa mwisho Tak alivuta kofia ikamfunika macho, akaimba Arirang, wimbo wa kwao, kwa Kikorea. Mgahawani wakalia pamoja naye.

Vita vilipokwisha Tome alisimika kigingi cha mbao karibu na uwanja uliobaki mtupu, akawa anakwenda kukiombea kana kwamba ni kaburi, huku askari wa Marekani wakiwa wameshika nchi. Mwaka 1955 hekalu dogo la Kannon lilijengwa hapo. Leo Chiran ina jumba la makumbusho lenye picha za marubani 1,036 wa jeshi la nchi kavu waliokufa katika mashambulizi ya Okinawa. 439 kati yao waliondokea hapo, na Wakorea ni 11. Tome alifariki 1992.

Lakini kigingi cha Tome hakikuwa nyumbani kwa Tak. Mwigizaji wa Kijapani Kuroda Fukumi alisimulia kwamba aliota ndoto ya kijana Mkorea aliyesikitika kufa kwa jina lisilo lake. Akaanza kampeni ya kumwekea jiwe Sacheon, alikozaliwa. Mei 2008, jiwe likiwa tayari, wananchi walikuja kuzuia uzinduzi. Walisema mtu aliyeifia Japani, tena kwa hiari ya afisa, hawezi kuenziwa katika ardhi iliyoumizwa na Japani. Jiwe likaondolewa na baadaye likapelekwa kwenye hekalu la Kibuddha katika mji mwingine. Hatuwalaumu watu wa Sacheon. Waliofanyishwa kazi migodini na wanawake waliotekwa kwa ajili ya askari walikuwa na haki ya kuwa na jiwe kabla yake. Hata hivyo sisi, ambao wengine tuna majina mawili, moja la darasani na jingine la nyumbani, na ambao tumeona wazee wetu wakichangishana fedha ili maiti isafirishwe ikazikwe kwao, hatukuweza kupita kisa hiki haraka. Japani inamtaja kwa jina la Kijapani na la Kikorea kwenye mabano. Korea haikumtaka kwa lolote.

Okinawa, mahali walipokufa, palichukua njia yake. Inakadiriwa kwamba karibu robo ya wakazi wa kisiwa walikufa katika vita vile. Tarehe 23 Juni 1995 mkoa ulifungua, kwenye majabali ya Mabuni, kuta za mawe meusi zenye majina zaidi ya 240,000: raia, Wajapani, Wamarekani, Waingereza, Wakorea, wote bila cheo. Huko hakuna kapteni. Familia kadhaa za Kikorea zilikataa majina ya watu wao yaandikwe, na nafasi kwenye kuta zao imebaki wazi.

Turudi kwa mwenzetu aliyeuliza kuhusu mababu. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na Maldivi. Walikufa watu 1,297, wakiwamo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Manowari za Uingereza zikaizamisha nyambizi hiyo, nayo ikashuka na karibu mabaharia wake wote. Waliofika salama kwa safari nyingine walipigana Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, nchi ile ile alikofia kaka mkubwa wa Uehara. Majina ya wengi waliozama yako kwenye ukuta wa makaburi ya vita, Nairobi. Ni ukuta wa serikali, wenye namba ya jeshi na kikosi. Kilichoandikwa na familia, kama kipo, kiko vijijini, na kingestahili makala yake kabla wajukuu wanaokijua hawajaondoka.

Maana mawe nayo huondoka. Vijiji vya Japani vinapungua watu, na sasa makaburi zaidi ya 100,000 kwa mwaka hufungwa au kuhamishwa kwa sababu hakuna wa kuyatunza. Kasisi huja kusoma dua ya kuitoa roho katika jiwe. Mafundi hulinyanyua kwa mtambo, hutoa vyungu, na vyungu hupelekwa hekaluni mjini. Jiwe lenyewe husagwa kuwa kokoto za barabara. Kwenye jiwe la rubani mafundi hufika chini wakakuta bahasha, au sanduku tupu, na inabidi mtu wa familia aliyekuja na gari kutoka mjini aamue hapo hapo akichukue au akiache.